Bendera Nyekundu Mbele ya Jeneza

Walimu vijana wa idara ya Kiingereza mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kuzisahau. Nimekubali kwa sharti moja: nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kwa masikio yangu, basi. Vyeo nilivyopanda na mishahara niliyopokea havina faida kwenu, na kwa kweli havikuwa vya kusisimua hata kwangu. Najua wengi wenu mnangoja nifike kwenye habari ya msiba wa Kigwa, kwa kuwa mmeisikia ikisimuliwa kwa namna nyingi na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwapo. Nitaifikia. Nimestaafu na bado siwezi kuitaja bila kuinamisha uso, lakini ni afadhali niinamishe uso juu ya habari ya kweli.

Nilianza kazi katika shule moja nje kidogo ya mji wa Nzega, si mbali na nyumbani kwetu Puge. Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Gerado, mtu mfupi aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingo hata wakati wa joto la Oktoba. Asubuhi ya kwanza aliniuliza nitaanza na mada gani katika Kidato cha Pili.

"Usemi halisi na usemi wa taarifa, mwalimu," nilijibu.

"Utafundisha kwa kitabu au kwa watu?"

"Kwa kitabu, mwalimu. Kina mazoezi mazuri."

"Basi kitabu kitaelewa," alisema, akachukua chaki na kuniongoza darasani.

Njia aliyonionyesha siku ile ndiyo niliyoitumia mpaka siku ya mwisho. Mwanafunzi mmoja, msemaji, husimama nje ya dirisha. Wa pili, mjumbe, husogea dirishani na kuambiwa sentensi moja ya Kiingereza kwa sauti ya chini. Kisha mjumbe hugeuka na kulieleza darasa kile alichoambiwa, akibadilisha yote yanayopaswa kubadilishwa: "mimi" iwe "yeye", "leo" iwe "siku ile", "hapa" iwe "pale", na kitenzi kirudi nyuma hatua moja ya wakati. Mwanafunzi mwingine akidandia na kueleza, mwalimu humkatiza kwa swali moja tu: "Ulikuwapo dirishani?" Kama hakuwapo, anakaa.

Katika somo langu la kwanza msemaji alikuwa kijana mkubwa kuliko mimi. Mjumbe alisikia, akageuka, akanitazama kama mtu anayeomba radhi, halafu akasema kwa Kiingereza, bila kukosea hata kiungo kimoja, kwamba mwalimu wao mpya alikuwa mwembamba kuliko chaki yake. Alikuwa amebadilisha "wetu" kuwa "wao" na kukirudisha kitenzi nyuma kama ipasavyo. Nilimpa alama zote. Sikuwa na njia nyingine. Mwalimu Gerado, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje akakohoa kwa muda mrefu.

Kwa upande wa vifaa, sina mengi ya kuwaachia. Gaweni ubao sehemu mbili kwa rula ndefu. Andikeni usemi halisi kushoto kwa chaki nyeupe, na kulia andikeni usemi wa taarifa, yale maneno yaliyobadilika tu yawe ya chaki nyekundu. Maswali yaje mwisho, baada ya amri. Na msimcheke mwanafunzi anayekiacha kitenzi katika wakati uliopo. Kiswahili chetu hakirudishi kitenzi nyuma: mtu alisema jana kwamba anaumwa, nasi twaripoti leo kwamba alisema anaumwa, na hakuna anayeshangaa. Mtoto huyo si mjinga. Ameileta lugha yake darasani kwa uaminifu, nanyi mnapaswa kumwonyesha mahali pa kuiweka.

Swali la dirishani nilihama nalo kutoka shule hadi shule, na nilipowekwa katika kamati za nidhamu nililipeleka huko pia. Niliona wanafunzi wakikaribia kufukuzwa kwa sababu ya "wanasema". Wanasema alionekana. Wanasema ndiye aliyechukua. Kila nilipokaa katika kamati niliomba iandikwe kanuni kwamba neno la mtu huletwa na mwenye neno, si na mwingine. Shahidi aje mwenyewe au asije kabisa. Kanuni hiyo iliwaokoa watoto wengi, na naitetea hata sasa.

Kesi ngumu zaidi darasani niliipata Urambo. Palikuwa na msichana aliyeitwa Veronika, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Ulyankulu, ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi. Alikuwa wa kwanza katika kila mada. Nilipomfanya mjumbe, alisikiliza dirishani, akageuka, akafunga mdomo. Niliurudia mchezo mara kadhaa, naye akafunga mdomo vilevile. Baada ya kipindi nilimwita.

"Veronika, hukusikia?"

"Nilisikia, mwalimu."

"Sasa mbona husemi?"

"Nyumbani tumekatazwa kupeleka maneno ya watu. Baba anasema kule walikotoka watu walikufa kwa maneno yaliyopelekwa."

Kitabu hakikuwa na zoezi la jambo hilo. Nilimwacha awe msemaji wa dirishani muhula mzima, mpaka alipoinuka mwenyewe siku moja na kusimama mahali pa mjumbe. Sikumuuliza alichokiamua moyoni. Nilimsikiliza tu, na sentensi yake ilikuwa safi.

Kutoka Urambo nilipelekwa Tabora mjini, ambako nilikaa miaka mingi na sikujifunza jipya isipokuwa kwamba watoto wa mjini husema uongo kwa sarufi nzuri zaidi. Kisha, nikiwa nakaribia kustaafu, nikahamishiwa shule ya kata karibu na stesheni ya Kigwa. Huko nilimkuta mkuu mpya wa shule, mwanamke aliyevaa miwani, aliyesimama niliponyoosha mkono.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Mimi ni Veronika wa dirishani."

Na huko Kigwa ndiko nilikomkuta Mwalimu Tatu.

Mwalimu Tatu alifundisha Kiswahili. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na mumewe, Bwana Kondo, Mzaramo mwenzake, alikuwa mfanyakazi wa stesheni, yule anayegeuza njia za reli na kusimama kando ya treni na bendera zake mbili. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo Tatu alikuwa mtani wangu. Kwa wale mliokulia mbali na mambo haya: utani wetu na watu wa Pwani ni wa tangu enzi za misafara. Wazee wetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi Bagamoyo, wakifika nchi ya Wazaramo na njaa na homa, na wengine wakifia huko na kuzikwa na wageni. Ndiyo maana utani huu una kazi msibani. Mtani hutukana anapotaka, huchukua anachotaka, na msibani husema yale ambayo ndugu wa marehemu hawezi kuyasema. Kumkasirikia ni aibu, na yeye kuacha kuja ni aibu kubwa zaidi.

Mimi si mtu wa mzaha, nanyi ni mashahidi. Lakini kila asubuhi nilipoingia chumba cha walimu, Tatu alikuwa ananingoja.

"Mpagazi amefika! Leo umebeba nini? Pembe au ushanga?"

"Nimebeba jembe, mla nazi. Nilitaka nikuonyeshe, maana kwenu mkiliona mnauliza linaungwa kwa tui au kwa karanga."

"Sisi tulikaa kivulini tukawatazama mkipita. Mlikuwa mnanuka!"

"Na ninyi mlikuwa mmelala. Mlijuaje?"

Walimu wengine walicheka, nami nilikaa chini na kusahihisha madaftari kwa uso uleule. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba asubuhi ambayo Tatu hakuja kazini ilikuwa ndefu.

Bwana Kondo aliugua muda mfupi, akafariki alfajiri. Mazishi yalipangwa kuwa siku ileile baada ya sala ya adhuhuri, na ndugu wa Kisarawe wasingeweza kufika. Kabla ya mchana jirani yao, Mama Asha, alinifuata nyumbani.

"Mwalimu, Tatu anasema mpagazi wake aje afanye kazi yake."

"Umemsikia mwenyewe, au umeambiwa?"

Mama Asha alinitazama. "Mwalimu. Hata leo?"

Nilivaa shati lililonyooshwa, nikaenda mpaka kwenye nyumba za reli, nikasimama chini ya dirisha la chumba walimokaa wanawake.

"Mwalimu Tatu. Nimeambiwa umeniita."

"Unataka nikuandikie barua ya serikali, mpagazi?" Sauti ilikuwa kavu, imekwaruza. "Wanyamwezi wamejaa hapa, lakini mtani wa Kondo ni wewe. Usimwache aondoke kama mzigo wa mtu asiyejulikana."

Kofia ya kazi ya Bwana Kondo ilikuwa inaning'inia kwenye msumari kando ya mlango, na bendera zake zimesimamishwa chini yake. Nilivaa kofia. Ilikuwa kubwa, ikaniangukia masikioni. Niliona wanafunzi wangu waliokuja kusaidia kuteka maji wamesimama kando ya ua na ndoo zao. Jeneza lilipotoka, nilikwenda kusimama katikati ya njia na kuinua bendera nyekundu.

"Simama! Treni hii haina ruhusa!"

Wabebaji walisimama. Kijana mmoja wa reli akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, tupishe, sheikh anangoja."

"Atangoja! Sisi abiria tumengoja miaka yote. Leo Kondo ana haraka ya wapi? Nani kampa njia?"

Watu walianza kufunika midomo. Nikapiga mluzi kama yeye alivyopiga, nikatembea kwa kuvuta mguu mmoja kama yeye alivyotembea, nikaligonga jeneza kwa kijiti cha bendera. "Afadhali umekufa, Kondo!" nilisema kwa sauti kuu. "Sasa treni zitafika kwa wakati!"

Kutoka dirishani kilipasuka kicheko kimoja kikubwa. Nilikitambua. Kilipanda, kikakatika, kikageuka kilio, na wanawake wote wakalia pamoja nacho. Mama Asha alinitolea jogoo, kwa kuwa mtani haondoki njiani mpaka akombolewe. Nilimpokea, nikashusha bendera nyekundu, nikainua ya kijani, nikasogea kando. Jeneza likapita. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, jogoo kwapani, na wanafunzi wakaniamkia shikamoo kwa heshima iliyonifanya nitamani wangenizomea.

Nilidhani aibu yangu ingekuwa hiyo tu.

Katika bodi ya shule alikuwamo mfanyabiashara aliyeitwa Bwana Elia. Hakuwapo msibani. Alisikia kutoka kwa mtu aliyesikia kutoka kwa mwanafunzi kwamba mwalimu wa Kiingereza alifurahia kifo cha mume wa mwalimu mwenzake, mbele ya maiti na mbele ya watoto. Akaleta mashtaka kwa maandishi. Kama kamati ingeyakubali, jalada langu lingepelekwa juu na pendekezo la kunifukuza kazi. Baada ya miaka yote ile ningeondoka shuleni kama mtu aliyetukana maiti.

Wanafunzi waliitwa. Nawaomba mnielewe vizuri: hawakusema uongo. Walikuwapo. Mmoja baada ya mwingine walisimama mbele ya meza na kusema kwamba mwalimu alisema kwamba ilikuwa afadhali marehemu amekufa. Hakuna aliyeongeza neno. Hakuna aliyepunguza. Kofia haikuwamo, mluzi haukuwamo, kicheko cha dirishani hakikuwamo, lakini hivyo si maneno, nami nilikuwa nimewafundisha kuleta maneno. Nilisikiliza sentensi yangu ikirudi kwangu ikiwa safi na baridi, na sikuwa na la kusahihisha.

"Uliyasema au hukuyasema?" Bwana Elia aliuliza.

"Niliyasema. Niliitwa na mjane mwenyewe. Ni utani wa..."

"Mimi ni Msukuma wa Igunga, mwalimu. Usinifundishe utani. Hayo mambo ya giza tuliyaacha. Mtu mzima, msomi, unacheza mbele ya maiti?"

"Sikucheza."

"Ulipiga mluzi?"

"Nilipiga mluzi."

"Ulivaa kofia ya marehemu?"

"Niliivaa."

Aliwaacha wengine wanitazame. Kila jambo lilikuwa la kweli, na kila jambo lilipotoka kinywani mwangu lilinidhalilisha. Mwalimu Veronika, aliyeongoza kikao, hakuinua macho.

"Mama Asha yuko nje," alisema baadaye. "Ameleta maneno ya Mwalimu Tatu."

"Suala si nani alimwita nani," Bwana Elia alisema. "Suala ni kama mjane alitukanwa. Hilo aje aseme mwenyewe. Si ndiyo kanuni yenu?"

Veronika alinigeukia. "Mwalimu, kanuni ni yako."

Tatu alikuwa katika eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kadhaa, hatoki isipokuwa kwa dharura, wala hakai na wanaume wa nje. Hakuweza kuja. Na kama kamati ingempokea Mama Asha kwa ajili yangu, wale watoto wote niliowakatalia mashahidi wao wa kuambiwa wangekuwa na haki ya kuniuliza mimi ni nani. Nilisema Mama Asha asiingie. Nikasema pia kwamba mjane asisumbuliwe, na kama ni kunifukuza wanifukuze.

"Na hilo nalo ni utani?" Bwana Elia aliuliza.

Veronika alifunga jalada. "Kama yeye hawezi kuja, kamati itakwenda."

Tulikwenda asubuhi, Veronika, Bwana Elia na mimi. Mama Asha alituwekea benchi barazani, mbele ya mlango uliofunikwa kwa pazia la kanga. Majirani walikuwa wanachambua mchele kwenye ua wa pili, na ungo zote zilinyamaza tulipokaa. Nilisema pole kuelekea kwenye pazia. Sauti ya Tatu ilijibu, "Nimeshapoa, karibuni," kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Veronika aliuliza kwa upole kama alinituma. Tatu akajibu kwamba ndiyo, alinituma, na kwamba nilipochelewa alidhani nimeogopa. Veronika akamuuliza kama alisikia nilichosema mbele ya jeneza. Alikisikia. Akaombwa akirudie. Akakirudia neno kwa neno, na neno "Kondo" lilimtoka kwa shida. Sijawahi kutamani kama wakati ule mtu fulani anikatize.

Kisha Bwana Elia akaegemea mbele. "Mama, pole sana. Nikuulize moja tu. Kuna watu wanasema ulicheka. Mimi siamini kwamba mke anaweza kucheka mume wake anatolewa nyumbani. Nadhani ulilia kwa uchungu wa kutukanwa, watu wakasikia vibaya. Ulicheka kweli?"

Nililielewa swali, na Tatu naye alilielewa. Kama angesema alilia, angekuwa mjane mwema na mimi ningekwenda nyumbani. Kama angesema alicheka, ningebaki kazini, na neno hilo lingetoka pale barazani na kutembea peke yake, bila kofia wala mluzi wala bendera. Wanawake wa ua wa pili hawakujifanya tena kuchambua mchele.

"Mwalimu Tatu," nilisema, "usijibu."

"Nyamaza wewe," pazia likasema. "Nilicheka."

"Unasema..." Bwana Elia alianza.

"Nilicheka! Andika, Mwalimu Veronika. Mjane alicheka. Nilicheka mpaka Mama Asha akanishika. Tangu alfajiri nilikuwa nimekaa kama gogo, watu wananipa pole nami sijui wanampa nani. Huyu mpagazi akapiga ule mluzi, nikamwona Kondo mlangoni. Nikacheka, ndipo machozi yakatoka. Sasa mmepata mnachokitaka. Mama Asha, wape wageni maji."

Hatukunywa. Mashtaka yalifutwa siku ileile, na Bwana Elia, nakiri kwa haki yake, aliweka sahihi bila kubishana.

Kabla ya juma kwisha neno lilikuwa sokoni. Mjane wa Kondo alicheka mume wake akitolewa. Alisema mwenyewe, mbele ya kamati. Amekiri. Nililisikia kwenye duka la sukari, nikauliza kwa hasira, "Ulikuwapo?", na muuzaji akajibu kwa utulivu kwamba shangazi yake alikuwapo, ua wa pili. Alikuwa sahihi. Hakuna hata mmoja aliyebadilisha neno. Veronika alikuja nyumbani jioni moja, akakaa, akaivua miwani.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyewapeleka pale," alisema. "Baba alituambia." Hakumaliza, nami sikumsaidia kumaliza. Nilimpa uji, akanywa, akaondoka.

Muhula huo nilifika kwenye mada yangu katika Kidato cha Pili. Nilimweka msemaji dirishani, nikamwita mjumbe, msichana mwenye bidii aliyekaa safu ya mbele. Alisikiliza, akageuka, akaanza kutabasamu kabla hajasema. Kisha akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba Mwalimu Tatu alisema kwamba alikuwa amecheka. Vitenzi vyote viwili vilikuwa vimerudi nyuma kama inavyotakiwa. Darasa zima likacheka. Walikuwa watoto, na hawakuwa na ubaya wowote, na alistahili alama zote kama yule mjumbe wa Nzega. Sikumpa. Nilifuta ubao, pande zote mbili, nikawaambia wafungue kitabu kwenye mazoezi, na tangu siku ile mpaka kustaafu nilifundisha kwa kitabu. Ninyi msinifuate katika hilo. Fundisheni kwa watu. Lakini mfikirie kwanza mtamweka nani dirishani.

Eda ilipokwisha Tatu aliomba uhamisho, akapewa shule ya Kisarawe. Hakurudi chumba cha walimu hata kuaga. Asubuhi ya safari nilikwenda stesheni. Treni ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuingia, na wauza asali na karanga walikuwa wanakimbilia madirishani. Mfanyakazi mpya, kijana, alikuwa ameshika bendera mbili. Tatu alisimama kando ya behewa, amevaa baibui, na miguuni pake palikuwa na sanduku la bati na kapu. Aliniona kabla sijamfikia. Nilikuwa sijauona uso wake tangu kabla ya msiba. Ulikuwa umepungua, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Mpagazi!" aliita, akanyoosha kidole kwenye sanduku. "Mzigo wako huo hapo. Beba, babu zako wasione aibu!"

Wauza karanga waligeuka. Mwanamke mmoja alimgusa mwenzake begani, wakamwangalia mjane wa Kondo, wakaniangalia mimi, wakangoja. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja nalo kutoka nyumbani, na lilikuwa zuri. Niliziona zile nyuso, nikaisikia sentensi yangu ikitoka pale stesheni na kufika sokoni kabla treni haijafika stesheni inayofuata.

Nilivua kofia. "Habari za asubuhi, Mwalimu Tatu," nilisema. "Nakutakia safari njema, na kazi njema huko uendako."

Alingoja. Najua alingoja, kwa sababu kidole chake kilibaki hewani, kikielekea kwenye sanduku, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakishusha.

"Kumbe walikufukuza kweli," alisema, akainama, akalibeba sanduku mwenyewe.